Rwagasore: Mwana wa Gitega aliyeanza na wafanyabiashara

Mfanyabiashara anayevuka mpaka Kobero, akauza Muyinga na kuendelea hadi Gitega, huwa amefika katika mji alikozaliwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, tarehe 10 Januari 1932. Gitega ulikuwa bado mji mchanga, ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1912.

Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, Rwanda, kisha Ubelgiji. Aliporejea, mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, ili Warundi wajinunulie na kujiuzia bidhaa wenyewe. Ushirika huo ulilemewa na madeni. Hata hivyo, Waswahili wa Buyenzi, Bujumbura, hawakumwacha mkono. Walikuwa nguzo ya chama chake cha UPRONA.

Mwishoni mwa 1960 Wabelgiji walimweka kizuizini, na uchaguzi wa mitaa ukafanyika bila yeye. Lakini tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64 vya Bunge, naye akawa Waziri Mkuu.

Hakudumu. Tarehe 13 Oktoba aliuawa kwa risasi na Mgiriki aliyetumwa na wapinzani wake. Alikuwa na miaka 29.

Uhuru ulipatikana 1 Julai 1962 bila yeye. Chama chake kilikuwa kimewaweka pamoja Wahutu na Watutsi, Waislamu na Wakristo. Umoja huo ulipovunjika, maelfu walikimbilia Tanzania. Aliyerejea nyumbani anaijua vyema gharama yake.