Mtakatifu Bernadette wa Lourdes: Njozi Zilizopimwa

Mara kwa mara husikika vijijini kwamba mtu fulani ametokewa usiku, naye amepewa ujumbe kutoka mbinguni. Wengine humfuata upesi, wengine humcheka. Mkristu mwenye busara hafanyi hili wala lile. Eklezya Takatifu yafundisha kwamba yote yatupasayo kwa wokovu Mungu amekwisha kuyafunua katika Yezu Kristu, na ufunuo huo ulitimia alipokufa Mtume wa mwisho. Walakini Mungu aweza kumtuma mjumbe ili kutukumbusha yale tuliyoyasahau. Basi, twawezaje kumtambua mjumbe wa kweli? Tuyatazame maisha ya Mtakatifu Bernadette Soubirous.

Bernadette alizaliwa tarehe 7 Januari 1844 katika mji mdogo wa Lourdes, kusini mwa Ufaransa, chini ya milima ya Pyrénées. Baba yake alikuwa msagaji wa ngano penye kinu cha maji. Lakini kazi iliharibika, madeni yakazidi, kinu kikawatoka. Mwaka 1855 ugonjwa wa kipindupindu uliingia mjini, nao ukamdhoofisha mtoto huyu aliyekuwa tayari mgonjwa wa pumu. Mwaka 1857 jamaa yote ilihamia katika chumba kimoja chenye giza na unyevu, ambacho zamani kilikuwa gereza. Mwaka ule ule baba alikamatwa kwa kushukiwa kwamba ameiba unga, akafunguliwa baada ya siku chache. Bernadette alipokuwa na miaka 14 hakujua kusoma wala kuandika. Alisema lugha ya kwao tu. Maneno ya katekismu yalimshinda, kwa hiyo alikuwa bado hajapokea Komunyo ya kwanza.

Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Februari 1858, alikwenda kuokota kuni pamoja na ndugu yake na rafiki mmoja. Wenzake walikwisha kuvuka kijito mbele ya pango la Massabielle, naye akabaki nyuma. Hapo akaona katika pango Bibi kijana, mwenye mavazi meupe na mshipi wa buluu. Bernadette akashika rozari yake akasali. Tangu siku ile mpaka tarehe 16 Julai alimwona Bibi yule mara 18.

Angalieni jinsi alivyofanya. Mara ya pili alinyunyiza maji ya baraka, asije akadanganywa na shetani. Hakusema kwamba amemwona Bikira Maria; alisema tu yale aliyoyaona, wala hakuongeza neno. Mkubwa wa polisi alimwita akamhoji kwa muda mrefu. Alipomsomea maneno aliyoyaandika, alikuwa ameyageuza makusudi ili amnase. Mtoto akayasahihisha moja moja bila hofu, ijapokuwa alitishwa kufungwa. Kila mara alipoulizwa, alisimulia jambo lile lile. Mwongo husahau uwongo wake. Msema kweli hana haja ya kukumbuka ila kweli.

Tarehe 25 Februari Bibi alimwambia anywe na kunawa penye chemchemi. Bernadette hakuona chemchemi. Alifukua udongo kwa mikono, akapata tope, akanywa na kujipaka usoni. Watu wakadhani amerukwa na akili, wakaondoka kwa huzuni. Lakini maji yalizidi kutoka, yakawa safi, hata leo yanabubujika. Mtaalamu mmoja wa Toulouse aliyapima mwaka ule ule, akakuta kwamba ni maji ya kawaida, wala hayana dawa ndani yake. Eklezya haikulificha jambo hilo.

Kisha Bibi aliagiza mapadri wajenge kikanisa pale, na watu waje kwa maandamano. Padri Peyramale, paroko wa Lourdes, alimpokea Bernadette kwa ukali. Alitaka kujua jina la Bibi, tena alitaka mwaridi ulio penye pango uchanue maua wakati wa baridi. Bibi alitabasamu tu, mwaridi haukuchanua. Mungu hafanyi ishara kwa amri ya wanadamu. Lakini tarehe 25 Machi Bibi alijitaja kuwa ndiye aliyekingiwa dhambi ya asili tangu kutungwa mimba. Njiani Bernadette alirudia-rudia neno lile asilisahau, maana hakulifahamu. Paroko alishtuka: miaka minne mbele, mwaka 1854, Papa Pio IX alikuwa ametangaza fundisho hilo kwa Eklezya yote. Ujumbe wa pango haukupinga imani, bali uliithibitisha.

Wakati ule ule watu wengine wa Lourdes walianza kudai kwamba nao wameona njozi pangoni. Walikunja nyuso, walipiga kelele, wakavuta makundi ya watu. Eklezya haikuwakubali. Haikumkubali upesi Bernadette naye. Tarehe 28 Julai 1858 Askofu Laurence wa Tarbes aliweka baraza la kuchunguza mambo yote. Lilimhoji Bernadette, likahoji mashahidi, likapima habari za wagonjwa waliopona. Ni baada ya miaka mitatu na zaidi, tarehe 18 Januari 1862, Askofu alitangaza kwamba waamini waweza kusadiki kwamba Bikira Maria alitokea kweli. Hata leo askofu ndiye achunguzaye mambo ya namna hii, naye hushauriana na Roma kabla ya kutoa neno.

Na Bernadette alipata faida gani? Hakupata kitu. Watu walimpa fedha, akazikataa, ijapokuwa nyumbani kulikuwa na njaa. Bibi alikuwa amemwambia kwamba hatapata heri katika dunia hii, ila katika ile nyingine. Mwaka 1866 aliingia utawani kwa masista wa Nevers, mbali na kwao, akawahudumia wagonjwa. Maji ya Lourdes yaliwaponya wengine; yeye aliendelea kuteswa na pumu, na kifua kikuu kikamla mfupa wa goti. Alikufa tarehe 16 Aprili 1879, mwenye miaka 35. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu tarehe 8 Desemba 1933, si kwa sababu aliona njozi, bali kwa sababu alimpenda Mungu katika unyenyekevu na mateso.

Basi, mkisikia habari za njozi, ulizeni hivi. Ujumbe wake wapatana na imani ya Mitume? Asemaye ni mkweli, mnyenyekevu, na mwenye akili timamu? Anatafuta fedha au sifa? Anakubali kupimwa na Eklezya, na kungoja kwa utii? Matunda yake ni sala, toba na mapendo, au ni hofu na magomvi? Akishindwa katika hayo, msimfuate, hata akifanya maajabu. Na kama mna shaka, nendeni kwa padri wenu kabla ya kutangaza neno lolote. Aliye mjumbe wa Mungu haogopi kungoja.