William Banting: mzee wa masanduku aliyepunguza kilo 21 peke yake

Wandugu wachimbaji, wamama na wababa wa Kasenga, Mulongwe na Kalundu, na ninyi wote ambao bwana ao mtoto wenu eko juu kwenye mashimo ya Misisi ao Kamituga, leo tunawaletea maisha ya mzee mmoja wa London, Uingereza. Jina lake ni William Banting. Hakuchimba madini hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza masanduku ya maiti na kupanga mazishi. Tumemchagua juu ya jambo moja: tumbo lilimtesa miaka mingi, akalipunguza mwenyewe nyumbani kwake, kisha akaandika namna alivyofanya na kugawia watu bure.

Wengine watauliza: sendika inatafuta nini kwenye tumbo la mutu? Sisi tumezoea kuongea bei ya tola, vumbi la mapafu, mashimo yanayoanguka. Lakini tuangalie vizuri. Kijana anapiga nyundo na kubeba mifuko kutoka asubuhi mpaka jioni. Anakula sahani mbili za ugali, na mwili unachoma vyote. Kisha anafikisha miaka 40, magongo yanauma, anatoka shimoni. Anakuwa mlinzi, dereva, mnunuzi wa mchanga, ao PDG wa shimo anayekaa kwenye kiti. Kazi imebadilika, lakini sahani imebaki ile ile, na chupa za pombe zimeongezeka. Kiisha miaka michache mukaba haufungi tena. Nyuma ya tumbo vinakuja tansiyo na ugonjwa wa sukari, na dawa zake ni za kununua kila mwezi mpaka kufa. Hiyo njo maana hili ni jambo la mfanyakazi na la nyumba yake.

Banting alizaliwa London mwisho wa mwaka 1796. Jamaa yake ilikuwa na kazi ya mazishi ya heshima kubwa: ndio walioitwa wakati mufalme anakufa. Walipanga mazishi ya mufalme George wa 3 mwaka 1820, ya jemadari Wellington aliyeshinda Napoléon, mwaka 1852, na ya Albert, bwana wa malkia Victoria, mwaka 1861. Basi Banting alikuwa mutu wa pesa, mwenye adabu, mwenye kushika saa. Hakuwa mlevi wala mlafi. Baba na mama yake hawakuwa wanene. Yeye mwenyewe alianza kunenepa alipopita miaka 30, pole pole, na hakuna kitu kilichosimamisha.

Alijaribu kila kitu ambacho watu walimuambia. Munganga rafiki yake alimshauri afanye mazoezi ya nguvu. Akanunua mtumbwi, akawa anapiga kasia kwenye mto masaa mawili kila asubuhi. Misuli ikapata nguvu, lakini na njaa nayo ikapata nguvu. Akala zaidi, akanenepa zaidi. Sisi watu wa ziwa na wa nyundo tunaelewa hiyo bila kufundishwa: kazi ngumu inaita chakula. Akajaribu kupanda farasi. Akaenda kwenye miji yenye maji ya chumvi ya dawa. Akanunua dawa za chupa. Akakaa kwenye nyumba za mvuke za Kituruki mara nyingi sana, akatoka jasho mpaka akachoka, na faida yake ikawa kilo tatu hivi tu. Pesa ilienda, tumbo likabaki.

Alipofika miaka 65, mwezi wa 8 mwaka 1862, hali ilikuwa mbaya. Urefu wake ulikuwa metre 1 na sentimetre 65, na uzito karibu kilo 92. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Ngazi za nyumba alikuwa anazishuka kinyumenyume, pole pole, juu ya kulinda magoti. Kitovu kilitoka, akalazimika kukifunga kwa mukaba wa munganga. Macho yakapungua, na masikio yakaanza kuziba. Barabarani watu walimcheka, akaacha kutembea mahali penye watu.

Masikio njo yalimuokoa. Alienda kwa munganga wa masikio, William Harvey. Huyu alikuwa amefika Paris mwaka 1856, akasikiliza masomo ya mwalimu mkubwa wa Ufaransa, Claude Bernard, aliyegundua kwamba ini la mutu linatengeneza sukari. Harvey akarudi na wazo: kama vyakula vya sukari na vya unga vinamdhuru mgonjwa wa kisukari, pengine njo hivyo pia vinanenepesha mutu. Alipomuangalia Banting, aliona shida ya masikio inatoka kwenye mafuta ya mwili. Alimuambia aache ao apunguze sana mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi.

Banting alishangaa, juu vitu hivyo njo vilikuwa chakula chake cha kila siku. Lakini alishika amri. Asubuhi: nyama ao samaki wa kuchoma, gramu 120 hivi, chai bila maziwa wala sukari, na kipande kidogo cha mkate mkavu. Muchana: samaki ao nyama, mboga yoyote isipokuwa viazi, matunda, mkate mkavu kidogo. Saa ya chai: matunda. Jioni: tena nyama ao samaki, kidogo kuliko muchana. Alikunywa pia divai, na hata glasi ya pombe kali kabla ya kulala. Lakini bia aliiacha kabisa.

Jambo la pili alilofanya ni kujipima. Sisi wachimbaji tunajua mizani. Tunapeleka dhahabu kwa mnunuzi, na mwenye mizani njo anasema ni renge ngapi; sisi tunabaki tunaangalia tu. Banting alishika mizani yake mwenyewe. Kila majuma matatu hivi alipanda juu, akaandika tarehe na uzito kwenye karatasi. Mara kilo moja imetoka, mara kilo moja na nusu, mara chini ya kilo. Hakukimbia. Kiisha mwaka moja, mwezi wa 9 mwaka 1863, alifika karibu kilo 71. Alipoteza karibu kilo 21, na kiuno kilipungua sentimetre 31. Ukigawanya kwa majuma ya mwaka, haifiki hata nusu kilo kwa juma. Alishuka ngazi tena kama watu wote, alifunga viatu vyake mwenyewe, na masikio yakafunguka.

Hapo angeweza kufanya biashara. Pesa ilikuwa inamngoja: kufungua nyumba, kuuza chupa, kuomba watu walipe kila mwezi. Hakufanya hivyo. Mwaka 1863 alichapisha kitabu kidogo kilichoandikwa kama barua kwa watu wote, akieleza mateso yake, chakula chake na orodha ya uzito wake. Vitabu vya kwanza aligawa bure kwa pesa yake. Watu walipozidi kuomba, kikauzwa kwa bei ndogo, na faida akaitoa kwa kazi za huruma. Waganga wengi walimshambulia: fundi wa masanduku anajua nini kuhusu mwili? Yeye alijibu kwa upole, akaendelea kuongeza kitabu na kupokea barua za watu waliojaribu wakasaidika. Kitabu kikauzwa makumi ya maelfu. Jina lake likageuka neno la kusema mutu anapunguza mwili. Watu wa Suède mpaka leo wanasema banta, na Afrika ya Kusini kuna wanaokula namna hiyo wakiiita Banting.

Tuongeze kitu kimoja cha kwetu. Mwaka huo huo 1863, London, kilitoka kitabu cha Speke, yule mzungu aliyefika hapa Uvira kwa mtumbwi pamoja na Burton mwezi wa 4 mwaka 1858. Katika safari yake iliyofuata alifika Karagwe kwa mufalme Rumanika, akakuta wanawake wa jumba la mufalme wananyweshwa maziwa mpaka wanashindwa kusimama, juu unene ulikuwa heshima. Kwa hiyo mwaka moja, muji moja, vitabu viwili: kimoja kinaonyesha mafuta kama heshima, kingine kinaonyesha mafuta kama mateso. Sisi bado tuko katikati. Mwenye tumbo tunamuita bosi. Aliyekonda tunamnong'oneza, eti amefilisika ao eko na ugonjwa. Aibu hiyo inazuia wengi kupunguza mwili hata wakati munganga amewaambia. Tuiache. Mutu anayetafuta afya yake asichekwe, kama vile Banting hakustahili kuchekwa barabarani.

Kiisha miaka 100, mwaka 1963, New York ikaanzishwa kampuni ya Weight Watchers, ambayo watu wanalipa ili wakutane na kupimwa pamoja. Kwa wengine inasaidia, juu mutu peke yake anachoka haraka. Lakini nyumba ya mchimbaji haina pesa ya kulipa kila juma ili ipimwe, wala ya kununua unga na majani ya kukondesha yanayopitishwa sokoni bila mutu kujua ndani mna nini. Banting anatuonyesha kwamba kazi yenyewe haiuzwi. Inaombwa mambo matatu: munganga akuangalie mara ya kwanza, ujue chakula gani kinakunenepesha, na ujipime bila kujidanganya.

Hatusemi tufuate sahani yake. Nyama mara tatu kwa siku ni sahani ya tajiri, na pombe kali ya usiku tunamuachia yeye. Sisi tuko na ziwa. Ndagala, mukeke, maharagi, lengalenga na sombe isiyozama kwenye mafuta ya ngazi vinatosha. Ugali tusiuache, tuupunguze: tonge la ukubwa wa ngumi, na mboga ijaze sahani. Sukari itoke kwenye chai pole pole, kijiko kimoja kimoja. Soda na mandazi vikae kwa siku ya sikukuu. Chupa za bia za kila jioni njo adui mkubwa wa tumbo la PDG. Kila moja ni mkate wa kunywa. Kutembea ni vizuri kwa moyo na kwa sukari, lakini kasia ya Banting inatukumbusha kwamba ukitembea halafu ukaongeza sahani, umerudi pale pale.

Kama hamuna mizani nyumbani, kituo cha afya iko nayo. Ao mchukue kamba, mzungushe kiuno usawa wa kitovu, mfunge fundo. Kiisha majuma matatu mpime tena mahali pale pale. Fundo halidanganyi, na halilipishi franka hata moja. Na mpike sufuria moja kwa nyumba yote; mutu akipikiwa chakula chake kando, hafiki mwezi wa pili.

Tunaonya pia. Anayepiga nyundo shimoni kila siku asijinyime chakula. Anahitaji nguvu, na mwenye njaa hasikii jiwe linapopasuka juu yake. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha huu si wakati wake. Anayekunywa dawa za sukari ao za tansiyo aongee kwanza na munganga, juu sukari ya damu inaweza kushuka sana. Na mutu anayekonda bila kutafuta, eko anakohoa, anatoka jasho usiku, ao eko na kiu na anakojoa mara nyingi, asifurahie. Akimbie hospitali. Kifua kikuu kinapenda sana mapafu yenye vumbi la mawe.

William Banting alikufa London mwezi wa 3 mwaka 1878, akiwa na miaka 81. Yeye aliyepima masanduku ya wafalme alipata karibu miaka 16 zaidi tangu siku ile alipoketi mbele ya Harvey, na aliishi miaka hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Alichojua hakukifungia. Sisi wa sendika tunasema elimu ya namna hiyo ipite nyumba kwa nyumba, bure kama alivyoitoa yeye. Ukiisha kusoma ukurasa huu, umpe jirani.