Avogadro, Mwanasheria wa Kanisa Aliyechunguza Gesi

Amedeo Avogadro alizaliwa Torino, Italia, mwaka 1776. Alipata udaktari wa sheria za Kanisa mwaka 1796, kisha akageukia fizikia. Mwaka 1811 alieleza kwamba gesi zozote zenye ujazo, jotoridi na mgandamizo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Wengi hawakumjali. Alifariki mwaka 1856; miaka minne baadaye Mwitaliano mwenzake, Cannizzaro, aliutetea ukweli huo mbele ya wanakemia huko Karlsruhe, ukaanza kupokelewa.

Ndugu wa Rwamgasa mnaochoma zebaki ili mpate dhahabu, lishikeni fundisho lake: mvuke usioonekana nao una molekuli zisizohesabika, nazo huingia mapafuni mwa mchomaji na mtoto aliye karibu. Kisichoonekana kipo. Basi msichome nyumbani, wala mbele ya watoto.