Heaviside: Aliyefichua kwa nini ishara huharibika njiani

FUNDI anayechomeka waya wa kompyuta kwenye pini za uchunguzi za bodi ya saketi, awe Bonga mjini Babati au Kariakoo jijini Dar es Salaam, huweza kukumbana na kero hii: chipu ni nzima, waya ni mzima, lakini data inasomeka ovyo. Aliyeeleza chanzo cha kero hiyo, kabla hata chipu hazijabuniwa, ni Mwingereza Oliver Heaviside.

Alizaliwa London mwaka 1850 katika familia ya kimaskini, na maradhi ya utotoni yakampunguzia usikivu. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi ya telegrafu kwenye waya wa baharini kati ya Uingereza na Denmark. Mwaka 1874 aliacha kazi hiyo, na hakuajiriwa tena maishani.

Wakati huo nyaya za baharini zilikuwa zikienea. Mwaka 1879 Zanzibar nayo iliunganishwa na Aden na Durban. Tatizo lilikuwa moja kila mahali. Alama zikitumwa harakaharaka, zilifika zimefifia na kuingiliana.

Akiwa nyumbani kwa wazazi wake, Heaviside alionyesha kwa hesabu kwamba ishara husafiri kama wimbi, na likikuta badiliko la ghafla katika waya, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Ndiyo maana leo rezista ndogo, mathalani ya omu 33, huwekwa karibu na chipu inayotuma ili kuumeza mwangwi huo, na waya wa uchunguzi hufupishwa na kuambatanishwa na waya wa ethi.

Mwaka 1887 alibaini kwamba koili zikiongezwa njiani, sauti ya simu isingepotoka. William Preece, mtaalamu wa umeme wa Posta ya Uingereza, aliamini kinyume, akazuia makala aliyoiandika Heaviside pamoja na kaka yake Arthur, mtumishi wa Posta. Uamuzi huo uliigharimu Uingereza. Mwaka 1900 Michael Pupin alipata hataza ya koili hizo nchini Marekani, na kampuni ya AT&T ikamlipa fedha nyingi. Heaviside, aliyekuwa akiishi kwa posho ya serikali iliyoanza mwaka 1896 kwa pauni 120 kwa mwaka, hakuambulia kitu.

Mwaka 1922 alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa medali ya Faraday. Alifariki dunia Torquay Februari 3, 1925, baada ya kuanguka kutoka kwenye ngazi, akazikwa Paignton pamoja na wazazi wake.