William Penn: shamba, deni na karatasi isiyo na asili

Mwaka jana ami yangu alinikabidhi mkebe wa biskuti uliokaa miaka mingi juu ya kabati la marehemu babu. Ndani mlikuwa na risiti za zamani zilizoliwa na mende, barua mbili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na nakala ya mkataba wa kuuza sehemu ya shamba letu, yenye alama ya dole gumba. Anayedai kulinunua ana nakala kama hiyo hiyo. Karatasi yenyewe ya asili hakuna aliyeiona. Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi katika ukoo, wazee wakaamua kwamba mimi ndiye msomi wa karatasi, ingawa diploma yangu si ya sheria wala ya upimaji.

Basi nikaanza kusoma jinsi kesi za ardhi za kale zinavyofuatiliwa kwa hati. Ndipo nikakutana na mtu ambaye nilikuwa nalijua jina lake tu: William Penn, Mwingereza aliyepewa nchi nzima huko Marekani, na ambaye jimbo la Pennsylvania linaitwa kwa jina la ukoo wake. Alikuwa Quaker, yaani mfuasi wa kanisa la Friends. Hapa Kenya si watu wageni. Wamishonari wa kanisa hilo kutoka Marekani walifungua kituo Kaimosi mwaka wa 1902, na leo hakuna nchi duniani yenye wafuasi wengi kuliko yetu. Hata jirani zetu wa Pemba waliwaona Waquaker wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, walipokwenda kufungua shamba la karafuu kwa ajili ya watu walioachwa huru utumwani.

Karatasi za Penn ni nyingi. Barua na hati zake zilizochaguliwa zimechapishwa katika majuzuu matano, na nyingine zinasomeka kwenye intaneti bila malipo. Nimezipitia usiku kwa usiku, na haya ndiyo niliyoyapata.

Alizaliwa London mwaka wa 1644. Baba yake, aliyeitwa pia William Penn, alikuwa amirali, na ni miongoni mwa makamanda walioiteka Jamaica kutoka kwa Wahispania mwaka wa 1655. Amirali huyo alipewa mashamba Ireland, mashamba yaliyonyang'anywa wenyewe baada ya vita. Kwa hiyo kabla kijana hajajua maana ya hatimiliki, tayari alikuwa akila mazao ya ardhi ya watu wengine.

Alifukuzwa chuo cha Oxford kwa ukaidi wa mambo ya dini. Mwaka wa 1667, akiwa Ireland kusimamia mashamba ya baba yake, alimsikiliza mhubiri wa Quaker na akajiunga nao. Waquaker wa wakati huo walikuwa hawavui kofia mbele ya wakubwa, hawali kiapo mahakamani na hawaendi vitani. Amirali alikasirika sana. Penn alifungwa jela mara kadhaa. Mwaka wa 1670 alishtakiwa kwa kuhubiri barabarani London, na wazee wa baraza la mahakama wakakataa kumtia hatiani hata walipofungiwa bila chakula. Kesi iliyofuata juu ya wazee hao ndiyo iliyoweka kanuni kwamba baraza haliadhibiwi kwa uamuzi wake.

Amirali alifariki mwaka huo huo, akiwa amekwisha patana na mwanawe. Mfalme Charles wa Pili alikuwa na deni kwa familia hiyo la pauni 16,000 hivi. Badala ya kulipa fedha, mfalme alitoa ardhi. Hati ya tarehe 4 Machi 1681 ilimpa Penn zaidi ya ekari milioni 28 ng'ambo ya bahari. Msomaji, hebu fikiria: mfalme aliye London anamlipa mdai wake kwa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, na ambayo tayari ina wenyewe.

Wenyewe walikuwa Walenape, watu wa bonde la mto Delaware. Hapa Penn anastahili haki yake. Alikuwa na hati ya mfalme mkononi, lakini aliona haitoshi. Aliwaandikia Walenape barua ya heshima kabla hajafika, akajifunza kiasi cha lugha yao, na akanunua ardhi kwao kipande kwa kipande. Hati ya kwanza ni ya Julai 1682, iliyofanywa na binamu yake William Markham. Bei yake imeorodheshwa: shanga, mablanketi, bunduki, baruti, masufuria, majembe, visu. Penn mwenyewe alifika Oktoba mwaka huo kwa jahazi lililopoteza abiria wapatao 30 kwa ndui njiani. Urafiki wake na mzee Tamanend unakumbukwa hadi leo.

Lakini ukizisoma hati hizo kwa macho ya Mpwani, unaliona tatizo. Mnunuzi alidhani amenunua ardhi milele. Wauzaji kwa desturi yao waliamini wamekaribisha wageni kulima na kuwinda pamoja nao. Sisi tunaotoka katika nchi ambayo mtu anaweza kumiliki minazi lakini si ardhi iliyoibeba, tunalielewa jambo hili bila kufundishwa.

Kuna lingine ambalo halipendezi. Katika shamba lake la Pennsbury, kando ya mto Delaware, Penn alikuwa na watumwa Waafrika. Katika barua moja ya mwaka wa 1685 alieleza kwamba ni afadhali wafanyakazi wawe watu weusi, kwa sababu hao mtu hukaa nao maisha yao yote. Mwaka wa 1688 Waquaker wenzake wa kijiji cha Germantown waliandika karatasi ya kupinga utumwa. Haikusikizwa. Katika wasia wake wa mwaka wa 1701 Penn aliagiza watumwa wake waachwe huru, na mzee mmoja aitwaye Sam apewe ekari 100 ziwe za watoto wake baadaye. Wasia wake wa mwisho, wa mwaka wa 1712, haukulirudia agizo hilo. Niliisoma habari hiyo mara mbili. Mtu mmoja alipewa uhuru na shamba katika karatasi moja, kisha karatasi nyingine ikaja na kunyamaza.

Penn mwenyewe hakutajirika. Jumla aliishi Pennsylvania chini ya miaka minne, katika safari mbili. Hesabu zake alimwachia msimamizi wake, Philip Ford, aliyekuwa Quaker kama yeye. Penn alikuwa na tabia ya kutia sahihi karatasi bila kuzisoma, na mojawapo ilimkabidhi Ford koloni lote kama dhamana ya deni. Ford alipofariki, warithi wake walidai. Mwaka wa 1708 mwenye ekari milioni 28 aliishi katika jela ya wadaiwa London, hadi marafiki zake wakachanga fedha za kumaliza madai hayo.

Alioa mara mbili. Gulielma Springett, mke wa kwanza, alifariki mwaka wa 1694. Mtoto wao aliyebaki wa kiume, William mdogo, alimletea baba madeni na aibu. Mke wa pili, Hannah Callowhill, ndiye ninayeona historia imemdhulumu. Penn alipopatwa na kiharusi mwaka wa 1712, yeye ndiye aliyeongoza mambo ya koloni kwa barua kutoka Uingereza, akiuguza mume na kulea watoto. Penn alifariki tarehe 30 Julai 1718. Hannah aliendelea hadi alipokufa mwenyewe.

Baada yake walishika wanawe, John, Thomas na Richard. Thomas aliliacha kanisa la baba yake. Walikuwa na madeni na walitaka viwanja vya kuuza. Katika miaka ya 1730 wasimamizi wao walitoa karatasi waliyosema ni nakala ya mapatano ya mwaka wa 1686: kwamba Walenape waliuza ardhi kwa urefu ambao mtu anaweza kutembea siku moja na nusu. Hati ya asili haikuonyeshwa. Mzee Nutimus na wenzake walipinga, kisha wakashinikizwa wakakubali, wakidhani ni matembezi ya kawaida kando ya mto, mtu akipumzika na kula.

Septemba 1737 wana wa Penn walileta vijana watatu wenye mbio, na njia ilikuwa imefyekwa mapema. Wawili walichoka wakaacha. Wa tatu, Edward Marshall, alifika zaidi ya maili 60. Kisha wapimaji hawakuchora mstari wa moja kwa moja kwenda mtoni, bali waliupindisha ili umeze ardhi zaidi. Walenape walipoteza mamia ya maelfu ya ekari na wakafukuzwa. Amani ambayo baba aliijenga kwa subira ilivunjwa na wanawe kwa siku moja na nusu. Miaka ishirini haikupita, damu ilikuwa inamwagika katika mabonde hayo hayo.

Baada ya mapinduzi ya Marekani, mwaka wa 1779, bunge la Pennsylvania liliuchukua umiliki wa ukoo wa Penn, likawapa fidia ya pauni 130,000 na kuwaachia mashamba yao binafsi. Walenape hawakupata fidia ya namna hiyo. Mwaka wa 2004 wazao wao walikwenda mahakamani kudai ekari 315 tu. Walishindwa. Mahakama ilisema hata tukikubali kwamba kulikuwa na ulaghai, haki yao katika ardhi ile ilikwisha zamani.

Hapo ndipo nilipofunga kompyuta nikaenda kulala, na usingizi haukuja. Nilikuwa nikiamini kwamba ukweli wa shamba la babu utajitetea wenyewe hata tukikawia. Kumbe ukweli unaokawia unaweza kufika ukakuta mlango umefungwa.

Asubuhi yake nilimwambia ami mambo matatu. Tuombe kwa maandishi tuonyeshwe karatasi ya asili, si nakala. Tuwachukue ushahidi wazee wanaojua mipaka wakiwa bado hai, majina yao na tarehe ziandikwe. Na katika ukoo wetu mtu yeyote asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa mbele ya wenzake, hata iletwe na rafiki, hata iletwe na mtu wa dini moja naye. Philip Ford na Penn walisali pamoja.

Barua ya kwanza imekwisha pelekwa. Wazee wawili tumeshawaandika. Wa tatu, anayeujua mbuyu wa mpaka wa kusini, ni mgonjwa, na tunakwenda kwake Jumamosi hii, inshallah. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mkebe juu ya kabati, uteremshe leo.