Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Uganda

Mwanamfalme Badru Kakungulu alizaliwa Buganda mwaka 1907. Baba yake, Nuhu Mbogo, ndugu wa Kabaka Mutesa I, aliwaongoza Waislamu hadi alipofariki mwaka 1921. Zama hizo shule nyingi zilikuwa za misheni. Wazazi wengi wa Kiislamu waliwabakiza watoto nyumbani, wakichelea wasije wakabadilishwa dini. Badru alisoma Budo, shule ya Kikristo, akabaki Mwislamu. Lakini si kila mtoto alipata nafasi ile. Basi akatoa ardhi yake mwenyewe kwenye kilima cha Kibuli, Kampala, pakajengwa msikiti na shule. Sekondari ilianza mwaka 1945. Fikirini, wanafunzi: ardhi ya mjini, angeweza kuiuza! Alifariki mwaka 1991, Allah amrehemu. Shule ya Kibuli inasomesha hadi leo.