Tom Mboya: Karo Ilimkatia Shule, Hakukatika

Uko Kibuyuni, karo imekwama, mathe bado anaanika mwani akingoja mnunuzi, na wenzako washarudi shule? Hebu mcheki Tom Mboya. Buda yake alifanya kazi shamba la mkonge, Kilima Mbogo, doo ya kuhesabu. Mwishoni mwa 1947 kijana akatoka Mangu bila kufanya mtihani wa mwisho. Hakukuwa na karo, basi.

Akaingia kozi ya bwana afya. Wengi wangeona ni kushushwa, lakini si ilikuwa ya bure? Akiwa kazini Nairobi City Council akaona Mzungu wa kazi hiyo hiyo analipwa kumshinda mbali, akajitosa kwa vyama vya wafanyakazi. 1955, bila ile cheti, akaenda Ruskin College, Oxford, mwaka mmoja.

Halafu sasa hapa ndio noma: 1959 akapeleka wanafunzi 81 Marekani na ndege moja, wakati nafasi za Makerere zilikuwa chache sana.

Alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, Government Road, siku hizi Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38.